Mlio Mmoja, Kisha Kimya

Wifi yangu Mwanatumu aliibiwa na mtu ambaye hata leo hatumjui jina, hatumjui sura, wala hatujui anaishi nchi gani. Nilikuwapo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana kila ninapomsikia mtu akisema kwamba alijitakia mwenyewe, kifua kinaniwaka, nami huacha ninalolifanya nikamsimulia mtu huyo mambo yalivyokuwa, apende asipende.

Sisi ni wakulima wa mwani, hapa Kibuyuni. Maji yakitoka tunaingia kwenye mashamba yetu tukafunga mbegu kambani, na yakianza kujaa tunarudi na magunia yetu bandani. Simu haziingii baharini. Tunaziacha ndani ya kikapu kilichotundikwa msumarini, na yeyote anayebaki kuanika mwani ndiye mlinzi wake.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi tulitoka majini karibu na adhuhuri. Bibi aliyekuwa akianika alimwambia Mwanatumu, "Simu yako imelia, mwanangu. Mlio mmoja tu, kisha kimya."

Mwanatumu alifuta mikono kwenye leso yake, akaitoa simu kikapuni. Namba ilikuwa ndefu, ya nje ya nchi. Nilimwona akibadilika uso.

"Wifi," akaniambia, "ni Yusra."

Yusra ni binti yake, mtoto wa kaka yangu Swabir. Alikuwa na mwezi wa tisa huko Saudia, mji wa Dammam, akifanya kazi za nyumbani. Miezi ya mwanzo alikuwa akipiga kila Ijumaa. Kisha akasema tajiri wake hapendi aonekane na simu. Kisha ikapita Ijumaa moja bila simu, ikapita ya pili, na siku ile ya Jumanne zilikuwa zimetimia Ijumaa sita. Namba yake ya zamani ilikuwa haipatikani. Wakala aliyempeleka, mtu mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja huko Ukunda, alikuwa akijibu vile vile kila tulipompigia: "Mathe, tulia. Hao wasichana wako poa. Wewe ngoja tu." Siku za mwisho akawa hata hapokei.

Basi mama aliyekaa majuma sita hivyo, akiona namba ya ng'ambo kwenye simu yake, atafanya nini? Namba za Saudia tunazijua zinavyoanza, na ile haikuanza hivyo. Nilimwambia. Akanijibu, "Labda tajiri amehama naye. Labda amepewa simu na mtu mwingine." Tayari alikuwa ameshabonyeza.

Simu ilipokelewa mara moja.

"Yusra? Yusra, mwanangu, ni mimi mama yako. Sema!"

Nikaona mkono wake wa pili unakwenda mdomoni.

"Analia, Esha," akaninong'oneza. "Mwanangu analia."

Akaniwekea simu sikioni. Wallahi nilisikia kwa sikio langu hili. Pumzi za mwanamke, nzito, kama mtu aliyejibanza mahali asisikike. Kisha kwikwi mbili. Kisha kitu kikaanguka, kama sufuria kwenye sakafu ya saruji, na yule mwanamke akashtuka. Hapo simu ikakatika. Salio lilikuwa limekwisha, na hata dakika mbili hazikuwa zimetimia.

Mimi nilimbeba Yusra mgongoni alipokuwa mchanga. Nami niliapa mbele ya wanawake wote wa banda lile kwamba ile ni sauti yake. Nalisema hili ili asidhani mtu kwamba wifi yangu alikuwa mjinga peke yake.

Alikopa salio kwa kampuni ya simu, akapiga tena. Pumzi, kwikwi, sufuria, na safari hii akasikia mlango ukifungwa kwa kishindo. Salio likaisha. Nikamhamishia langu lote, akapiga. Bibi naye akatoa lake. Tulikuwa tumemzunguka pale, tumelowa, chumvi inatukauka miguuni, tukisikiliza mama akimbembeleza mtoto asiyejibu.

"Kama huwezi kusema, gonga tu," alikuwa akisema. "Gonga mara moja, nijue unanisikia."

Na kama kwa makusudi, sufuria ikaanguka. Mwanatumu akapiga kelele, "Ananisikia!"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Siku ya pili namba ile ililia tena, mlio mmoja. Siku ya tatu pia. Kila ikilia alirudisha, na kila akirudisha alikaa hewani hadi akatwe. Kaka yangu Swabir ni mlinzi katika hoteli moja ya Diani, huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mwanatumu alinikataza nisimwambie. "Atakwenda kumvunja yule wakala mbavu, afungwe," akasema. "Kwanza nijue mtoto yuko wapi."

Siku ya nne nilipofika kwake nilikuta pembe ya sebule iko tupu. Yusra ana cherehani ya miguu aliyonunua kwa pesa za ushonaji wake mwenyewe, na alimwomba mama yake aitunze mpaka atakaporudi. Mwanatumu alikuwa ameiuza asubuhi ile kwa fundi wa Shimoni, kwa nusu ya bei yake. Sikumuuliza pesa zimekwenda wapi. Nilimkuta amekaa chini, simu imebanwa sikioni, midomo inatembea polepole pamoja na kile alichokuwa akikisikia, kama mtu anayefuatisha dua.

Cherehani nzima ilikwisha kwa siku moja.

Jumamosi nikamwambia, "Wifi, twende Munje. Tumwone mamake Mbeyu."

Mbeyu na Yusra walisafiri siku moja, kwa wakala mmoja. Mama yake anaitwa Kanze, mjane, analima mihogo na minazi michache. Tulimjua kwa sababu tulilia naye pamoja uwanja wa ndege. Nilifikiri labda yeye amepata habari. Tulifika Munje saa nne za asubuhi, tukamkuta uani akimenya mihogo, na alipotuona tu akakiacha kisu.

"Mumesikia nini?" akauliza, kabla hata ya salamu.

"Tumekuja kukuuliza wewe," Mwanatumu akamjibu.

Kanze alitutandikia mkeka. Ndipo akasema, huku akiitazama mihogo yake, "Wangu hunipigia. Lakini hasemi. Hunililia tu."

Mwanatumu akamshika mkono. "Na wangu pia."

Walikumbatiana pale, nami niliwaza kama walivyowaza wao: wasichana hawa wamefungiwa nyumba moja na wote wawili wanateswa. Kanze alianza kusema kwamba atamuuza ng'ombe wake. Mwanatumu akawa anamuuliza namba inayompigia inaanzaje. Hawakufika mbali, maana simu ya Kanze, iliyokuwa juu ya kinu, ililia mara moja ikanyamaza.

Kanze aliirukia. Aliweka sauti ya nje, sote tusikie, akapiga.

Pumzi. Nzito, za mtu aliyejibanza.

"Mbeyu!" Kanze akaita. "Mbeyu, mwanangu, ni mimi!"

Mwanatumu alikuwa amekaa kando yangu. Nilimhisi akikakamaa mwili. Akasema polepole, si kwa Kanze wala si kwangu, "Sasa kwikwi mbili."

Zikaja kwikwi mbili.

"Sasa sufuria."

Sufuria ikaanguka.

Kanze alimgeukia akiwa amekunja uso. "Unafanya nini wewe? Nyamaza, nimsikie mtoto!"

"Sasa anashtuka," Mwanatumu akaendelea, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Hapa anavuta kamasi. Sasa mlango."

Mlango ukafungwa kwa kishindo.

"Kanze, kata simu hiyo."

"Sikati! Huyu ni mwanangu!"

"Si mwanako. Wala si wangu. Ningekuwa na salio ningekupigia hiyo namba inayonipigia mimi uisikie. Nimeisikiliza siku nne, nimeijua kama Alhamdu. Sasa hivi atalia kwa sauti ya juu, kisha atasema 'aah' mara tatu, kisha zitarudi pumzi zile za mwanzo."

Tulisikiliza wote watatu, simu iko katikati yetu mkekani. Mwanamke yule alilia kwa sauti ya juu. Akasema aah. Aah. Aah. Kisha zikarudi pumzi za mwanzo, zile zile, pamoja na kikohozi kidogo ambacho mimi sikuwa nimekigundua mpaka wakati ule.

Kanze aliinyooshea simu kidole chenye utomvu wa mihogo, akaikata mwenyewe.

Hakuna aliyelia. Ningependa kusema kwamba tulifurahi, kwa kuwa watoto wetu hawakuwa wale wanaolia. Lakini hilo halikutujia. Kilichotujia ni kwamba majuma sita bado ni majuma sita, hatujui lolote, na katikati ya kutojua kwetu kuna mtu aliyekaa mahali akatega kinasa sauti, akamwambia mwanamke fulani: lia, angusha sufuria, funga mlango.

"Alilipwa kulia," Kanze akasema hatimaye. "Kuna mtu amelipwa kwa kulia."

Jumatatu tulikwenda Ukunda, kwenye duka la kampuni ya simu. Tulikaa foleni saa nzima. Binti wa kaunta alikuwa na kitambulisho kifuani kilichoandikwa Rispah, msichana wa bara, mpole, na alitusikiliza bila kutukatiza. Akachukua simu ya Mwanatumu, akachapa, akasoma kwenye kompyuta yake.

"Mama, hapa inaonyesha hizi simu zote ulizipiga wewe," akasema. "Yeye hajakupigia hata moja iliyopokelewa. Sasa haiwezi kurudishwa, kwa sababu ni wewe ulipiga."

"Alinipigia akakata."

"Ndiyo. Hivyo ndivyo wanafanya. Anataka wewe ndio urudishe." Aliinama kidogo kuelekea kwetu, akapunguza sauti. "Kuna namba za nje ambazo kuzipigia ni ghali sana. Kile unachokatwa, sehemu yake inamwendea mwenye hiyo namba. Ukikaa dakika nyingi, anapata zaidi. Ndiyo anakuwekea sauti ndio usikate. Wengine wanawekewa muziki. Wengine wanaambiwa wamepata zawadi, wangoje. Hii ya kulia sijawahi kuisikia."

Mwanatumu alikuwa ametulia, na namjua, akitulia hivyo ndipo anapokuwa mkali.

"Binti yangu, nieleweshe kitu. Pesa yangu ilitoka kwenye simu yangu. Ilipita wapi kabla ya kumfikia yeye?"

Rispah akasita. "Ilipita kwetu, mama. Halafu kwa kampuni za huko nje."

"Na ilipopita kwenu mlichukua chenu?"

Msichana wa watu aliangalia kibodi ya kompyuta.

"Basi mlichukua," Mwanatumu akasema. "Kila siku mwanitumia ujumbe. Shinda pikipiki. Shinda gari. Nunua nyimbo. Asubuhi, mchana, jioni. Mara ngapi mumenitumia ujumbe wa kuniambia, mama, ukiona mlio mmoja wa ng'ambo usirudishe? Mara ngapi?"

Watu wa foleni walikuwa wamegeuka. Mlinzi wa mlangoni alisogea. Rispah akasema, na naamini aliumia kweli, "Mama, mimi naketi tu hapa."

"Najua. Sikulaumu wewe. Lakini waambie hao ambao hawakai hapa."

Kanze aliuliza swali lililokuwa likimla tangu Munje. "Walijuaje kwamba watoto wetu wako ng'ambo?"

"Hawajui," Rispah akasema. "Mashine inapigia watu maelfu, namba yoyote tu. Hawajui kama uko na mtoto. Hawajui hata jina lako."

Nilitazamia jambo hilo lingetupunguzia uchungu. Mwanatumu alitikisa kichwa. "Basi ni vibaya zaidi," akasema. "Maana anajua kwamba katika hao maelfu kuna mama kama mimi, na hata hajali ni yupi."

Kabla hatujaondoka Rispah alituandikia kwenye karatasi mambo ya kufanya. Kupokea simu hakukugharimu kitu. Kurudisha ndiko kunakogharimu. Ukikuta mlio mmoja wa namba ya nje usiyoijua, iache. Mtu wako wa kweli atapiga tena, au ataandika, au atamtuma mwingine. Na kama huna haja ya kupiga nje, waweza kuomba laini yako ifungwe upande huo. Alizifunga laini zetu zote tatu pale pale.

Polisi nako tulikwenda. Askari alifungua kitabu cha matukio, akachukua kalamu, akatuuliza, "Mshukiwa nimwandike nani?" Tukatazamana. Akaandika "hajulikani", akatupa namba ya ripoti, na ripoti ile iko hapo mpaka leo, nadhani.

Ilipofika Alhamisi kulikuwa na baraza la chifu hapa Kibuyuni, habari ya vyandarua vya mbu. Mwanatumu alikwenda kwa chifu mapema, akamwomba dakika tano. Chifu akamuuliza ni habari ya nini. "Ya wizi," akasema. Chifu akampa.

Alisimama mbele ya watu zaidi ya mia moja, leso yake ya mwani bado iko kiunoni. Alitoa salamu. Kisha akasema, "Nina jambo la kuwasikilizisha. Anayelijua na asimame."

Akalia.

Simaanishi kwamba alitokwa na machozi. Alikiigiza kilio kile chote, kutoka mwanzo. Pumzi, nzito, za mtu aliyejibanza. Kikohozi kidogo. Kwikwi mbili. Aligonga meza ya chifu kwa ngumi, ikawa sufuria, akashtuka. Akavuta kamasi. Akapiga meza tena, ikawa mlango. Akapandisha sauti ya juu, watu wakaanza kugeuziana nyuso wakidhani amerukwa na akili, kisha aah, aah, aah, na akarudi kwenye pumzi.

Mwanamke mmoja upande wa nyuma akasimama kabla hajamaliza. Namjua, mume wake ni baharia wa meli za mizigo. "Ndiye huyo!" akapiga ukelele. "Huyo ndiye anayenipigia!" Akasimama mwingine, mama wa makamo ambaye mtoto wake yuko Qatar. Akasimama mzee mmoja wa kiume, akatoa kofia kichwani, akasema kwa aibu kwamba yeye alidhani ni dada yake wa Zanzibar. Nilihesabu waliosimama, wakafika tisa, na hao ni wale walioweza kusimama mbele ya watu. Wengine niliwaona wakiinama.

Mtu mmoja wa upande wa vijana akacheka. Akasema, "Sasa nyinyi mtu analia hajataja hata jina, mwamtumia pesa? Mumeliwa kwa ujinga wenu."

Mwanatumu hakumpigia kelele. Alimtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Mimi ni mjinga kwa sababu nilidhani mwanangu ananiita?" akamuuliza. "Siku wewe ukiwa ng'ambo, ukafungiwa chumbani, ukalia, wataka mama yako aseme kwanza, hebu nisubiri, nimpime kama ni yeye? Aliyenihadaa hakuutumia ujinga wangu. Angetumia ujinga ningeona haya. Alitumia uzazi wangu. Na kwa hilo sioni haya hata kidogo. Yeye ndiye aone haya, na wewe unayemcheka aliyeibiwa ukamwacha mwizi."

Kijana yule akatazama miguu yake. Chifu akakohoa, akasema habari ya vyandarua ingoje kidogo, na Mwanatumu akatoa ile karatasi ya Rispah akaisoma polepole, mara mbili. Ustadhi Abdulwahab aliyekuwa amekaa mbele aliomba anakili, naye akaisoma msikitini siku ya pili yake. Mchungaji wa kanisa la barabarani alifanya vile vile Jumapili.

Kaka yangu alipokuja mwisho wa mwezi aliambiwa kila kitu, na mkewe mwenyewe. Tulimwogopa, lakini hakugombana naye. Alikwenda akasimama kwenye ile pembe tupu ya sebule kwa muda, akatoka nje, akakaa barazani mpaka Alasiri. Kisha akaingia ndani akasema, "Nionyesheni karatasi za huyo wakala."

Yusra alipiga siku ya kumi na moja baada ya baraza. Tulikuwa bandani tukifunga mbegu. Simu ililia mlio wa kwanza, tukaganda. Ikalia wa pili. Ikalia wa tatu. Namba ilikuwa ngeni, lakini ilianza kama zinavyoanza za Saudia. Mwanatumu akaipokea bila kusema kitu.

"Mama? Shikamoo, Mama."

Sitaandika walivyosema mwanzoni, hayo ni yao. Yusra alikuwa amenyang'anywa simu. Sasa alikuwa anatumia ya mwanamke mmoja Mkenya, jirani, kwa kujificha. Mshahara ulikuwa umecheleweshwa miezi miwili. Lakini alikuwa mzima, na alikuwa nyumba ile ile.

"Ulikuwa ukilia?" mama yake akamuuliza. "Siku hizi, ulikuwa ukilia?"

Tulimsikia Yusra akishangaa. "Nililia siku za mwanzo, Mama. Sasa hivi sina hata nafasi ya kulia."

Wakaagana kwa mpango: Ijumaa baada ya Alasiri ya huku, na namba ikiwa ngeni, ujumbe kwanza wenye majina mawili wanayoyajua wao tu. Halafu mama yake akamuuliza kuhusu Mbeyu. Yusra hakuwa amemwona tangu siku waliyoshuka ndege. Walichukuliwa na magari mawili tofauti.

Jumatatu iliyofuata tulipanda Kwale mlimani, kwenye ofisi za serikali, Mwanatumu, Kanze, Swabir na mimi, na karatasi za wakala ndani ya mfuko wa nailoni. Ofisi ya kwanza walituelekeza ya pili, ya pili wakatuelekeza ya tatu. Ofisa wa tatu alisema mwenye faili yuko mkutanoni, turudi wiki ijayo. Kanze akasimama, akaikanyaga sakafu ile ya vigae kwa miguu yake miwili kama mtu anayepima kama itamhimili.

"Mimi nimeshalipa mtu anililie mtoto," akasema. "Sirudi wiki ijayo. Chukua kalamu uandike. Mbeyu. M, b, e, y, u."

Ofisa akamtazama. Swabir akafungua karatasi zile mezani. Ofisa akachukua kalamu.

Ilichukua siku kumi na tisa na simu nyingi za kutusukuma huku na huku, lakini Mbeyu alipatikana. Alikuwa amehamishwa nyumba mara mbili bila mama yake kuambiwa, na hakuwa na namba ya mtu yeyote kichwani. Ofisi ya yule wakala imefungwa kwa minyororo, ingawa nasikia amefungua nyingine mahali pengine, kwa jina jingine.

Pesa hazikurudi, na hakuna aliyetuomba radhi. Kampuni ya simu ilituma ujumbe mmoja wa tahadhari mwezi wa Mei, wa mstari mmoja, kati ya ujumbe wa kushinda pikipiki na ujumbe wa kununua nyimbo. Na namba zile bado zinalia. Juzi yangu ililia mlio mmoja, kisha kimya. Niliitazama, nikamuwaza mama mmoja mahali fulani, Lunga Lunga labda, au Kinango, ambaye hajasikia lolote, akifuta mikono kwenye leso yake ili arudishe.